Chumba cha vijana hospitalini hapa Malindi: nakipa nyota nne

Wazazi wengi wameniuliza kule inboksi kama kile chumba cha vijana cha hospitali ya serikali, kile cha ushauri nasaha, kinasaidia kweli ama ni bango tu limepigwa mlangoni, sasa wacha niandike mara moja wote msome. Kinasaidia. Nakipa nyota nne kati ya tano. Jina la hospitali na la shule siandiki manake kuna mtoto ndani ya hii stori na Malindi ni ndogo, ukisema kidogo tu mtaa mzima ushajua ni nyumba ya nani.

Mtoto wa dadangu, yuko kidato cha pili, alikatwa panga mkononi akitoka prepu za jioni. Hakuwa na ugomvi na mtu, ni wale vijana wa vikundi, walitaka simu, hana, wakamkata. Kidonda kilishonwa usiku uleule, akadungwa sindano ya pepopunda, na walimpokea kabla ya kuuliza pesa, jambo ambalo ni haki yake kwenye Katiba, kifungu cha 43, mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Hapo sina neno.

Shida ilianza mkono ulipopona. Usiku halali, pikipiki ikipita nyuma yake anashtuka mpaka anadondosha kitu, shule leo anaenda kesho haendi, na lile lililotutia hofu kabisa, akaanza kukaa na vijana wakubwa wa mtaani wanaomwambia wanawajua waliomkata na wako tayari kumsindikiza akalipize. Hivi vikundi vinapata watu namna hiyohiyo jamani, si lazima mtoto awe mbaya, anatafuta tu wa kutembea nae asikatwe tena.

Aliyetufungua macho ni mwalimu wake wa gaidansi, yule anayeshauri wanafunzi. Aliona alama zimeanguka, mtoto anasinzia klasi, na walimu wengine washaanza kusema huyu amekuwa mvivu amekuwa jeuri, kuna hata aliyetaka kumcharaza viboko wakati viboko vimekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Huyu wa gaidansi akamuita mtoto pembeni taimu ya breki, hakumuuliza una shida gani wewe, alimuuliza umepatwa na nini. Halafu alichofanya ndo kilichotuokoa, hakutuambia "mpelekeni hospitali" akamaliza kazi yake, alimpigia simu kaunsela wa kile chumba cha vijana tukiwa tumekaa palepale, akatupa jina la mtu na siku ya kwenda. Ukienda hospitali kubwa bila jina la mtu utazungushwa madirisha mpaka urudi nyumbani, na kijana wa miaka kumi na sita akizungushwa mara moja harudi tena, mnawajua.

Sasa chumba chenyewe. Kiko upande wa nyuma, kina mlango wake, hupangi foleni moja na wagonjwa wa kawaida kwa hivo jirani hakuoni umekaa hapo akaanza kuhesabu. Kaunsela ni kijana mwenyewe, hajavaa koti jeupe, alitusalimia vizuri kisha akamgeukia mtoto, "Mdogo wangu, unataka mama mdogo akae ama atusubiri nje?" Mtoto akasema atoke. Nilitoka nikakaa kwenye benchi na moyo ukinienda mbio, lakini nilipenda kwamba aliulizwa yeye.

Mtoto alikuja kuniambia mwenyewe siku nyingine walichofanya mule ndani. Kaunsela alimpa karatasi na kalamu amchoree njia ya kutoka shule mpaka nyumbani, kila kona, duka la Mpesa, ule ukuta mrefu usio na taa, halafu aweke alama pale mwili unapoanza kumtetemeka. Wakaongea juu ya kila alama. Ipi ukweli ni hatari na ya kukwepa, ipi ni woga umebaki tu baada ya tukio, nani anaishi karibu anaweza kugonga mlango wake. Ile karatasi ikarudi shuleni kwa mwalimu, kwa ruhusa ya mtoto, na mwalimu akawapanga wanaoelekea upande mmoja watoke pamoja na prepu ikaisha mapema kidogo. Hakuna mashine hapo wala dawa ya bei, ni karatasi moja, lakini imepita mikono ya watu wawili wanaoongea.

Hii fikra si ya ajabu wala si mpya. Oakland kule California, tangu 1994 kuna mpango ambapo kijana aliyepigwa risasi anafuatwa akiwa bado kitandani hospitali na mtu wa mtaa wake anayeheshimika, wanaongea nae kabla hasira haijamtoa kwenda kulipiza, na wanamfuatilia hata akirudi nyumbani. Bunduki zao na mapanga yetu ni tofauti ila ule usiku wa kwanza unafanana. Na hapa ndo naikata ile nyota ya tano, usiku ule alioshonwa hakuna aliyetuambia hicho chumba kipo! Kiko hatua chache kutoka pale aliposhonewa. Nesi angesema neno moja tu tungekuja asubuhi yake.

Lingine ni masaa. Kinafungwa saa kumi jioni, taimu ambayo wanafunzi ndo wanatoka madarasani, kwa hivo mtoto aje lazima akose masomo na darasa zima lijue anaenda wapi. Hata jioni moja tu kwa wiki wafungue, ama Jumamosi. Na kaunsela ni mmoja, akiwa na semina mlango una kufuli.

Nalisema hili kwa uchungu manake watoto wa huku wamebeba mengi. Walioko mashuleni saa hizi walisikia ya Shakahola ya 2023, ule msitu ambako wafuasi wa mhubiri walifunga mpaka kufa njaa, miili zaidi ya 400 ikifukuliwa, na mingine ikiletwa mochari ya hapahapa mjini watoto wakiwa wanapita kwenda shule, na baadhi ya waliofukuliwa ni ndugu zao. Ndugu zetu wa Lamu wana ya shambulio la Mpeketoni, Juni 2014, zaidi ya watu 60 waliuawa, na waliokuwa darasa la kwanza wakati ule sasa ni watu wazima, sijui wangapi waliwahi kuulizwa umepatwa na nini.

Ukitaka kwenda, nenda asubuhi katikati ya wiki, pitia kwanza kwa mwalimu wa gaidansi apige simu. Kama mtoto amebakwa usisubiri siku ya kaunsela wala usianzie polisi, kimbia emajensi, dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinatakiwa ndani ya saa 72 na mapema zaidi ndo bora, na asiogeshwe kabla hajaonwa na daktari. Kama huna wa kumpigia usiku, namba 116 ya watoto ni bure na inapokelewa saa zote.

Wetu bado anaenda. Wiki jana kaunsela amemuanzishia kikundi na wenzake wa shule nyingine, wanakutana baada ya mpira.