TAHADHARI: muuza siti za baiskeli "za kike" hapa Mombasa

Dada zangu mnaoendesha baiskeli hapa Mombasa, someni hii kabla hamjatuma pesa. Kuna jamaa anauza siti mtandaoni, anaandika "siti ya kike orijino, mtumba wa Uingereza", picha safi, ukimuuliza yuwajibu haraka na mdomo mtamu kama kaimati. Mie keshanila elfu tatu na mia tano.

Mie huenda kazini kwa baiskeli kutoka Bamburi mpaka mjini, na siti iliyokuja na baiskeli ilikuwa yanitesa, nikifika daraja la Nyali huku mbele kushakufa ganzi, samahanini lakini tuko wenyewe. Shoga yangu akaniambia tafuta yenye tundu katikati, uzito usikae kwenye nyama ukae kwenye ile mifupa miwili ya makalio. Nikajipima kabisa, nikaweka boksi juu ya ngazi ya simiti nikakaa nikajikandamiza, zikabaki alama mbili, kutoka katikati ya hii mpaka katikati ya ile sentimita 13. Ukiongeza kama 2 hivi za nafasi, ni siti ya milimita 150 na kitu.

Sasa siti ya kwenye picha ilikuwa na tundu, tena ndani ya tundu waiona sakafu, tailsi za kijani, na kwa chini imeandikwa 155. Nikasema hii ndo yangu. Akataka pesa yote kwanza, ndo boda alete. Nikatuma, mjinga mie. Mzigo ukaja umezungushiwa selotepu mpaka nikatafuta kisu, namaliza kukata boda keshapotea.

Tundu hakuna! Ni kipande cha ngozi nyeusi ya kung'ara kimeshonwa pale katikati, kwa mbali waona shimo, ukitia kidole kinagonga. Ile 155 ni stika, nikaibandua kwa kucha, nikachukua tepu ya cherehani nikapima pale nyuma palipo papana, 138. Ile jeli aliyoisifu ni sponji tu, laini mpaka ukikaa wazama, na ukishazama ndo pale katikati panakufinya zaidi, kwa hivo msidanganyike na kubonyeza siti kwa dole gumba mkasema hii nzuri. Na vile vyuma viwili vya chini vinavyoshikwa na nati, kimoja kimepinda, fundi wa Kongowea akakaza akalegeza akakaza tena, siti bado imeangalia pembeni. Akacheka, ati wewe si wa kwanza wiki hii.

Nikampigia jamaa. "Dada utaizoea, siti mpya huwa hivo." Mtumba umekuwaje mpya? Nikapiga tena, akaniambia wanawake wote saizi ni moja. Hapo nikajua hata anachouza hakijui, manake kuna wanawake mifupa yao imekaribiana hiyo 138 ingewatosha vizuri tu, na kuna wanaume wanaotaka pana kuniliko mimi, rangi ya waridi haipimi makalio ya mtu. Mara ya tatu kanibloki. Nikaforwadi meseji ya M-Pesa kwa 456, namba ya Safaricom ya kurudisha pesa, wairudishe, wapi, alikuwa keshaitoa.

Akikutafuta mwambie akutumie video anapitisha kidole kwenye tundu, na rula aiweke pale nyuma. Na pesa ni ukishafungua mzigo, boda akiwa bado amesimama hapo. Akianza "dada huniamini?" achana naye.

Jina hubadilisha, namba pia, lakini sakafu hajabadilisha, tailsi za kijani na moja ina ufa kwenye kona. Jana usiku katupia nyingine, jina jipya, siti ya waridi "ya mabinti". Nikaivuta picha nikaangalia ndani ya tundu. Ufa uko pale pale.