Waya wa kutengenezea hereni na bangili nyumbani: upi ununue kwanza

Anayetaka kutengeneza hereni, pete na bangili za waya nyumbani hahitaji karakana wala moto. Koleo ya mdomo wa mviringo, koleo ya mdomo bapa, kikatio na tupa ndogo vinamtosha kwa miaka kadhaa. Vifaa hivyo hununuliwa mara moja, ilhali waya hununuliwa kila mwezi, na hapo ndipo fedha nyingi hupotelea, kwa kuwa nyaya za metali tofauti kabisa zinaweza kufanana zikiwa zimeviringwa dukani chini ya taa. Nimezipanga hapa chini kuanzia ile ninayomshauri kila anayeanza hadi ile ambayo haipaswi kuingia katika pambo lolote. Nimezipima kwa mambo manne: jinsi unavyokunjika kwa mkono usio na mazoea, jinsi unavyostahimili jasho, usalama wake kwa ngozi, na gharama yake kwa mita.

Kabla ya metali, lazima tumalize suala la unene. Maduka mengi huuza waya kwa namba ya geji, na namba hiyo ni mtego, kwa sababu kuna geji ya Kiingereza na geji ya Kimarekani, nazo hazilingani. Geji 20 ya Kimarekani ni milimita 0.81, lakini geji 20 ya Kiingereza ni milimita 0.91, kwenye geji 18 tofauti ni kubwa zaidi, 1.02 kwa 1.22. Kwa hiyo uliza milimita, na muuzaji asipozijua, nenda na kipande cha waya unaoujua ukalinganishe. Milimita 0.8 ndio unene wa kazi nyingi: fremu za hereni, kulabu za masikioni, viungo vya mkufu. Pete husimama vizuri kwa milimita 1, bangili kwa 1.2 hadi 1.5, na kazi za kusuka au kufungia shanga huhitaji 0.3 au 0.4. Beba ushanga mmoja unaokusudia kuutumia na uupitishe kwenye waya palepale dukani, kwa kuwa shanga ndogo zina matundu ambayo hayamhurumii mtu aliyekisia.

Nafasi ya kwanza naupa waya wa shaba nyekundu ulio mtupu, usiopakwa kitu. Ni laini, hukunjika bila kushindana na koleo, na ukikosea unaweza kuunyoosha mara moja au mbili kabla haujakakamaa. Kwa unene wa milimita 0.8, gramu 100 za waya huu ni mita 22 hivi, kiasi kinachotosha jozi nyingi za hereni pamoja na makosa yote ya mwezi wa kwanza. Usipoupata kwenye maduka ya vifaa vya urembo, nenda duka la vifaa vya umeme ukanunue waya wa kutandazia umeme nyumbani, ule wenye uzi mmoja mgumu ndani, kisha uchune plastiki yake kwa kisu. Jihadhari na jambo moja: waya unaoitwa “moja na nusu” hauna unene wa milimita 1.5. Namba hiyo ni eneo la mkato wake kwa milimita za mraba. Unene wake halisi ni milimita 1.38, ambao ni mzuri sana kwa bangili lakini ni mnene mno kwa kulabu ya sikio.

Wapo wanaokwenda kwa wauza vyuma chakavu kutafuta shaba ya bei nafuu. Mimi siwashauri. Plastiki ya nyaya hizo mara nyingi huwa imechomwa ili kuiondoa, na moshi wake una sumu. Anayenunua shaba ya namna hiyo huilipia kazi hiyo iendelee. Isitoshe, huwezi kujua kama shaba hiyo haikukatwa kwenye njia ya umeme ya mtaa fulani. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu kama hiyo. Nunua waya mpya na udai risiti.

Kasoro ya shaba nyekundu inajulikana: hupoteza mng'aro, na jasho likichanganyika nayo huacha alama ya kijani kwenye ngozi. Alama hiyo huondoka kwa maji na sabuni. Mng'aro hurudishwa kwa ukwaju au kwa ndimu na chumvi, kama wanavyofanya wengi wanaosafisha vyombo vya shaba, mradi pambo lisuuzwe vizuri na kukaushwa kabisa.

Nafasi ya pili itawashangaza baadhi ya wasomaji: waya wa fedha halisi, yaani ile ya alama 925, ambayo katika kila sehemu 1,000 ina sehemu 925 za fedha na zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Anayeanza huogopa bei yake na kudhani kwamba lazima atengeneze pambo zima kwa fedha. Sivyo. Inunue kwa ajili ya kulabu peke yake, ile sehemu inayopita ndani ya tundu la sikio. Mita moja ya unene wa milimita 0.8 ina uzito wa gramu 5 na ushei, na ukikata vipande vya sentimita 5 unapata kulabu 20, yaani jozi 10 za hereni. Gharama hiyo ukiigawa kwa jozi 10 si kubwa, na ndiyo inayokuepusha na mteja anayerudi siku ya tatu akiwa na ndewe zilizovimba. Mara nyingi chanzo cha mwasho huo ni nikeli. Kwa sababu hiyo uepuke waya unaouzwa kwa jina la fedha ya nikeli, ambao hauna fedha hata chembe. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na umepewa jina hilo kwa weupe wake tu.

Wa tatu ni waya wa kusukia mota. Huu nao ni shaba, ila umepakwa vanishi nyembamba ya kuzuia umeme, na vanishi hiyo hiyo huchelewesha kuchujuka kwa rangi. Unapatikana katika unene mdogo sana na huuzwa kwa uzito, kwa hiyo kwa kazi ya milimita 0.3 au 0.4 hakuna unaoushinda kwa bei. Mafundi wa kusuka mota huwa na mabaki ya waya mpya ambayo kwao hayatoshi mota moja lakini kwako yanatosha vidani vitatu. Usikubali waya uliotolewa kwenye mota iliyoungua, kwa kuwa vanishi yake imekwisha kupasuka. Viringisha utepe wa plastiki kwenye midomo ya koleo ili isiukwaruze.

Nafasi ya nne ni shaba ya manjano. Metali hii ina historia ndefu kwetu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kuelekea bara ilibeba, pamoja na shanga na vitambaa, waya mnene ulioitwa masango, nao uligeuzwa vikuku vya mikono na miguu. Rangi yake huwavutia wateja wanaotaka kitu kinachokaribia dhahabu. Hata hivyo ni ngumu kuliko shaba nyekundu, hurudi nyuma kama springi unapoikunja, na ukiikunja mara kadhaa mahali pamoja hukatika. Ugumu huo ni faida kwenye bangili na vishikizo vya mkufu, vinavyotakiwa kushika umbo. Kwa mtu ambaye bado hajazoea kupinda kitanzi cha mviringo kamili ni adhabu, na ndiyo maana nimeishusha hadi hapa.

Alumini inafuata. Ni nyepesi mno: gramu 100 za waya wa milimita 1 hukupa mita 47 hivi, ilhali shaba ya unene huohuo hukupa mita 14 tu. Hereni kubwa, zile zinazokaribia bega, zinafaa kutengenezwa kwa alumini ili zisivute sikio, na rangi zake nyingi huwafurahisha watoto wanaojifunza. Lakini hupindika ovyo ndani ya mkoba, na kulabu yake hunyooka yenyewe.

Wa sita, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji afunge mfuko, ni waya uliopakwa rangi ya dhahabu au fedha juu ya metali isiyotajwa. Roli yangu ya kwanza ilikuwa ya namna hii. Niliinunua katika duka moja la urembo mjini, nikatengenezea jozi sita za hereni, na kabla ya mwezi kwisha dhahabu ilikuwa imebanduka kila mahali palipoguswa na koleo. Si kila waya uliopakwa ni mbaya, lakini usinunue bila kujua kilichomo ndani. Nenda na sumaku ndogo na tupa. Shaba, fedha na alumini hazivutwi na sumaku. Ukivutwa, ndani kuna chuma cha kawaida au nikeli nyingi. Kisha omba ruhusa ya kukwaruza ncha. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, na roli ikawa nyepesi isivyo kawaida mkononi, basi hiyo ni alumini iliyovishwa shaba. Muuzaji akikataa kukwaruzwa kwa ncha ya nusu sentimita, usinunue.

Uliobaki ni waya wa kufungia nondo, ambao mafundi ujenzi hununua kwa kilo. Ni chuma, hushika kutu, na mara nyingi huwa na mafuta meusi yanayochafua vidole, kwa hiyo hauna nafasi masikioni wala shingoni mwa mtu. Lakini bei yake ni ndogo kuliko ya nyaya zote nilizozitaja. Mita chache zake, zikifutwa kwa kitambaa, zinafaa kwa vitanzi 50 vya kwanza, vile ambavyo huwa vimepinda kwa namna yoyote ile, kabla hujakata waya wa fedha.