OEIS kwa anayechunguza namba katika misingi isiyo ya kawaida

Vikokotoo vingi vya kisayansi hugeuza namba katika misingi ya 2, 8, 10 na 16 tu (msingi ni namba ambayo vipeo vyake ndivyo thamani za nafasi za tarakimu), na anayetaka kwenda mbali zaidi hana budi kutafuta msaada kwingine. Huduma ninayoitathmini hapa ni OEIS, ensaiklopidia ya mtandaoni ya mifuatano ya namba nzima, ambayo Neil Sloane alianza kuikusanya mwaka 1964 akiwa mwanafunzi, ikaingia kwenye intaneti mwaka 1996, na sasa ina mifuatano zaidi ya 370,000. Kutafuta ni bure na hakuhitaji kujisajili.

Nimeipima kwanza kwa msingi wa −2, ambao thamani za nafasi zake, kuanzia kulia, ni 1, −2, 4, −8, 16 na kuendelea. Humo 2 huandikwa 110, yaani 4 − 2, na 6 huandikwa 11010, yaani 16 − 8 − 2. Namba hasi hazihitaji alama yoyote mbele yake, kwani −1 ni 11 na −2 ni 10. Namba chanya huwa na idadi witiri ya tarakimu, na hasi huwa na idadi shufwa. Mfuatano 1, 110, 111, 100, 101 uko kwenye ukurasa A039724, pamoja na fomula na programu za kuuzalisha. Hata hivyo, maandishi hayohayo yakisomwa kana kwamba ni ya msingi wa 2 hutoa 1, 6, 7, 4, 5, nayo yana ukurasa wake, A005351. Kwa hiyo kabla ya kukata tamaa, mtafutaji ajaribu njia zote mbili.

Mfumo wa faktoria (zao la namba zote kuanzia 1 hadi namba fulani), ambao nafasi zake ni 1, 2, 6, 24 na kuendelea, unashughulikiwa kwenye A007623: 23 ni 321, na 24 ni 1000. Uandishi huo hufika 36,287,999 tu, kwa maana baada ya hapo inatakiwa tarakimu moja yenye thamani ya kumi, ambayo hatuna.

Ukurasa ulionivutia kuliko yote ni A016038, wa namba ambazo, katika kila msingi kuanzia 2 hadi ule ulio pungufu ya namba yenyewe kwa 2, hazisomeki sawa kutoka kushoto na kutoka kulia: 4, 6, 11, 19, 47, 53, 79 na nyinginezo. Zote zinazozidi 6 ni namba tasa. Sababu yake huanza kuonekana kwenye mfano mmoja: 35 ni 5 × 7, yaani 5 × 6 + 5, hivyo katika msingi wa 6 ni 55, na hila hiyo huziondoa namba nyingi zisizo tasa.

Kasoro zake ni za mpangilio. Kurasa zimejaa vifupisho, maelezo ni ya Kiingereza, na lebo inayobandikwa kwenye mifuatano inayotegemea msingi haitenganishi msingi wa 10 na mingine, kwa hiyo anayeifuata hupekua vichekesho vingi vya tarakimu za kawaida kabla ya kufikia anachokitaka. Mwalimu wa sekondari anayetafuta maswali ya klabu ya hisabati ningempeleka moja kwa moja A016038, kisha A039724.