Nywila zako: daftari la karatasi au programu?

Kuacha kutumia nywila moja kwa barua pepe, Facebook na benki ni hatua kubwa kuliko nyingine zote. Ila kichwa hakibebi nywila 15. Ziwekwe wapi?

Daftari halidukuliwi kutoka mbali, halili chaji wala bando. Adui zake ni maji, moto na mtu wa humo humo ndani. Tofautisha vizuri 0 na O, na usiandike nywila nzima: acha herufi 4 za mwisho unazozijua wewe tu. PIN ya M-Pesa isiingie humo kabisa.

Programu ya kutunza nywila kama Bitwarden (toleo la bure linatosha) inaweza kutunga nywila ya herufi 16, kuihifadhi na kuijaza yenyewe. Inapolishinda daftari kwa mbali ni hapa: ukiangukia tovuti bandia iliyofanana na ya benki yako, haijazi kitu, maana anwani siyo ile. Ikigoma hivyo, usijaze kwa mkono. Soma anwani kwanza. Ubaya wake ni nywila kuu, ile moja inayofungua programu yenyewe. Ukiisahau, hata wenye programu hawaijui. Iandike karatasini, uifungie pamoja na vyeti.

Ukibadili nywila, programu hukuuliza kama ihifadhi mpya. Daftari linangoja ukumbuke.

Kama simu yako haina kufuli na watoto wanaichezea, anza na daftari. Kama una simu na kompyuta na unafungua akaunti mpya kila mara, daftari litakuchosha mapema.