In Bruges: nimeirudia, nikampanga McDonagh filamu zake

Niliitafuta In Bruges tena wikiendi hii kwa sababu rafiki yangu alikuwa akinibishia kuwa filamu bora ya mwongozaji Martin McDonagh ni ile ya mabango, Three Billboards. Sikubaliani naye, na sasa nina hoja.

Kwa wasioijua: ni komedi ya uhalifu ya mwaka 2008. Ray (Colin Farrell) na Ken (Brendan Gleeson) ni wauaji wa kukodiwa. Kazi imewaharibikia, bosi wao Harry (Ralph Fiennes) anawaamuru wakajifiche Bruges, mji wa kale wa Ubelgiji, wasubiri simu yake. Ni msimu wa Krismasi. Ken anazunguka na kitabu cha watalii, anashangaa makanisa na mifereji. Ray amenuna mwanzo mwisho.

Vichekesho vyake ni vya maneno. Ken anataka kupanda mnara wa kengele, kiingilio ni euro 5, yeye ana sarafu za euro 4.90. Mlinzi hataki kusikia habari ya senti kumi. Jibaba limeua watu maisha yake yote, leo limekwama kwa senti kumi! Baadaye Harry na Ray, kila mmoja na bastola yake, wanatenganishwa na mwenye hoteli, mama mjamzito aliyegoma kutoka kwenye ngazi. Basi wanajadiliana kwa ustaarabu kabisa, kama kamati ya harusi: wewe utarukia mfereji kupitia dirishani, mimi nitazunguka kwa nje, haya, nikitoka mlangoni nikate kulia au kushoto? Nilisimamisha filamu nicheke kwanza.

Ila kinachoipa uzito ni kile kilichowapeleka Bruges. Ray alitumwa kumuua padri, risasi ikampata na mtoto aliyekuwa akisubiri zamu yake ya kuungama. Mtoto ameshika kikaratasi alichoandika dhambi zake: kununa, kutojua hesabu, kuwa na huzuni. Kamera inakaa hapo kidogo tu. Kuanzia hapo kila utani wa Ray unausikia tofauti, kwa sababu unajua anakimbia nini. Sisi tuliokulia vibanda umiza tulifundishwa kwamba steringi hafi na wala halii. Huyu analia kwenye benchi la bustani, na bado unamcheka dakika mbili baadaye. Farrell alipata Golden Globe kwa kazi hii, na kwangu hajawahi kuigiza vizuri zaidi.

Kwa hiyo namba moja imeshapata mwenyewe.

Namba mbili ni The Banshees of Inisherin ya 2022. Farrell na Gleeson wanarudi, safari hii kwenye kisiwa kidogo cha pwani ya Ireland mwaka 1923, vita vya wenyewe kwa wenyewe vinasikika ng'ambo ya maji. Gleeson anaamka siku moja na kumwambia rafiki yake wa miaka kwamba hampendi tena. Rafiki akiendelea kumsemesha, Gleeson atajikata vidole vyake mwenyewe. Ndiyo hadithi yenyewe, na inauma kuliko bunduki zote za Bruges. Iliteuliwa kuwania Oscar 9, ikaondoka mikono mitupu (kwa filamu ya vidole kukatwa, sijui niseme nini). Inashika nafasi ya pili kwa sababu katikati inajirudia kidogo.

Sasa hiyo ya mabango, Three Billboards Outside Ebbing, Missouri, ya 2017. Frances McDormand ni mama anayekodi mabango matatu kuwauliza polisi mbona aliyemuua binti yake hajakamatwa. Yeye na Sam Rockwell walipata Oscar, na walistahili. Tatizo langu ni Dixon, yule polisi wa Rockwell anayesifika kwa kutesa watu weusi mahabusu. Filamu inamhurumia haraka mno, na hao waliodaiwa kuteswa hata hatuwasikii wakisema. Mzigo wa Ray ulikuwa na uso na kikaratasi mkononi. Wa Dixon unatajwa tu na kupita. Ya tatu, basi.

Seven Psychopaths ya 2012 inaburura mkia. Wezi wa mbwa wanamwibia jambazi kijibwa chake kipenzi, huku mwandishi wa filamu akihangaika kuandika filamu yenye jina hilohilo. Ujanja mwingi, moyo mchache. Christopher Walken peke yake ndiye aliyenizuia nisilale.

Six Shooter siiweki kwenye msururu kwa kuwa ni fupi, haifiki nusu saa, ingawa ndiyo iliyompa McDonagh Oscar kabla hata hajagusa filamu ndefu.

In Bruges matusi yake si ya kitoto, usiiwashe sebuleni wazee wakiwepo. Na washa maandishi ya chini, lafudhi ya Farrell inakimbia, na utani mwingi umejificha humo.