Kutoka Pentax K1000 hadi Nikon F3: ni kamera ipi ya mkanda inayostahili pesa yako?

Kama una Pentax K1000, Canon AE-1 au Nikon FM inayofanya kazi, jua kwanza kwamba kamera kubwa ya wapiga picha wa kazi haitakupa picha kali zaidi. Kwenye mkanda, ukali wa picha unatoka kwenye lenzi, mkanda wenyewe na mkono usiotikisika. Bodi, yaani kamera bila lenzi, ni boksi la giza lenye shata, pazia linalofunguka kuingiza mwanga. Chukua lenzi moja ya milimita 50, ifunge kwenye FM kisha kwenye F3, piga ukuta uleule, halafu peleka mikanda yote miwili ikasafishwe. Ukichanganya picha zake mezani, hutajua ipi ni ya nani.

Unacholipia ni vitu vingine: bodi inayovumilia kazi ya kila siku, shata iliyotengenezwa kwa kupigishwa sana, na dirisha la kuchungulia linaloonyesha asilimia 100, au karibu na hapo, ya kitakachoingia kwenye mkanda. Hili la mwisho watu hulidharau. Bodi ndogo hukuficha pembeni, kisha unashangaa nguzo ya umeme imetokea wapi. Kama tatizo lako ni picha kuwa na giza au kuvujiwa na mwanga, peleka kamera yako kwa fundi, abadilishe sifongo za mlangoni zinazozuia mwanga na kurekebisha kipima mwanga. Pesa itakayobaki nunua lenzi na mikanda. Kwa wengi hilo ndilo chaguo bora kuliko yote yanayofuata, nami silioni aibu kuliweka juu ya orodha.

Ukiwa bado unataka kupanda, kagua lenzi zako kwanza, maana ndizo zinazokuchagulia bodi. Mwenye lenzi za Canon FD akinunua Nikon anaanza upya kabisa, kwa sababu hazifungiki humo.

1. Nikon F3

Kwangu hii ndiyo ya kwanza, hasa ile ya HP, ambayo dirisha lake humwezesha mwenye miwani kuona kona zote bila kubandika jicho. Ilitoka 1980 na ikatengenezwa hadi 2001, kwa hiyo zimejaa sokoni na mbovu za kung'oa spea hazikosekani. Unachagua upana wa tundu la lenzi, yenyewe inachagua spidi ya shata. Ukitaka kupanga vyote mwenyewe, inakuruhusu. Mchoro wake ni wa Mwitaliano Giorgetto Giugiaro, yule mbunifu wa magari, na mstari mwekundu ulioanzia hapo Nikon wanao mpaka leo.

Inakula betri mbili ndogo za LR44. Zikiisha, kuna kiwiko cha dharura pembeni ya lenzi kinachopiga kwa 1/60 ya sekunde tu, basi. Tembea na akiba mfukoni.

Udhaifu wake mkubwa ni flashi. Mahali pa kuifunga si pa kawaida, pako juu ya mkono wa kurudishia mkanda, hivyo unahitaji adapta, na spidi ya juu kabisa ya shata inayokubali flashi ni 1/80. Kwa anayepiga harusi nje mchana na flashi, Nikon FM2 za kuanzia 1984, zinazofika 1/250, zitamfaa zaidi, ingawa hazihesabiwi kwenye daraja la F3 na ni nyepesi zaidi. Daraja lisikutishe.

Ukiishika dukani, kuna jambo linalowababaisha wengi. Kabla namba ya picha haijafika 1, F3 hupiga 1/80 hata ukiiweka 1/1000. Funga mlango, vuta mpaka namba 1, ndipo uanze kusikiliza spidi. Kisha chungulia uone kama tarakimu ndani ya dirisha bado zinasomeka, kwani hufifia kwa uzee. Fungua mlango utazame pazia la shata. Ni la titani, jembamba sana, na alama ya kidole cha mtu aliyelisukuma haifutiki.

2. Nikon F5

Haina mvuto wa zamani, na hilo ndilo linaloshusha bei yake; mara nyingi utaipata kwa bei ya F3 au chini. Ilitoka 1996, inafokasi yenyewe, inapiga hadi picha 8 kwa sekunde na shata yake inafika 1/8000. Ukishikilia kitufe, mkanda wa picha 36 unaisha kabla hujavuta pumzi ya pili. Ina uzito wa zaidi ya kilo moja hata kabla hujaweka betri zake 8 za AA, ambazo angalau zinapatikana kila duka la mtaani. Kwa michezo na matukio, hakuna mjadala.

3. Canon New F-1 (1981)

Kwa mwenye AE-1 na lenzi za FD, hii inaruka hadi namba moja. Spidi zake za juu huendelea kufanya kazi hata bila betri. Ila Canon walianza kuiacha FD mwaka 1987 walipoleta mfumo mpya wa EOS, kwa hiyo lenzi zako zitabaki za mitumba siku zote. Mwenye Pentax ana njia kama hiyo: Pentax LX ya 1980, nzuri mno, lakini usiinunue bila kuhakikisha kioo chake cha ndani kinapanda papo hapo ukibonyeza. Kunata kwa kioo ndiyo ugonjwa wake.

4. Nikon F2

Shata yake ni ya gia tupu, na betri ni ya kipima mwanga tu. Naipenda, lakini ni nzito na kipima mwanga chake kikichakaa sindano huanza kurukaruka.

5. Hasselblad 500C/M

Hapa picha inabadilika kweli: fremu yake ina eneo zaidi ya mara tatu la mkanda wa milimita 35. Iko mwisho kwa sababu ya gharama. Mkanda wa 120 unakupa picha 12 tu, na ukifunga au kutoa lenzi kabla ya kuvuta mkanda, kamera inakwama na safari ya kwa fundi inaanza. Ndiyo, ni ukoo wa kamera zilizokwenda mwezini 1969. Hilo halimlipi fundi.

Kabla ya kulipa

Nyingi zinaagizwa Japani kwa mtandao. Sifa za wauzaji mara nyingi zinahusu ngozi ya nje, kwa hiyo soma mistari ya chini inayotaja kuvu, ukungu na vumbi ndani ya lenzi. Piga hesabu ya ushuru pia, kwa sababu forodha zetu huukata kwenye bei ya kamera ikijumlishwa na nauli na bima.

Kwa tunaoishi Mombasa, Dar au Unguja, kuvu ndiyo adui. Fungua tundu la lenzi lote, mulika tochi kwa nyuma, tazama kwa upande. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, achana nayo. Nyumbani usiiache kwenye mfuko wa ngozi. Iweke kwenye kontena la plastiki linaloziba, pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu.

Mkanda wa kwanza upigie kitu kimoja chenye mwanga usiobadilika: 1/1000 na tundu la 2.8, 1/500 na la 4, 1/250 na la 5.6, hivyo hivyo kushuka, ukiandika kila namba kwenye karatasi. Ukishasafishwa, inua negativu dirishani. Zote zinatakiwa kuwa na weusi unaofanana. Ya 1/1000 ikiwa nyepesi au nyeusi kuliko nyingine, au imefifia upande mmoja, shata imechoka. Irudishe kamera kabla muda wa kurudisha haujaisha.