Uzoefu wangu na sahani za CR za eksirei (BaFBr:Eu)

Ninatumia sahani za CR, yaani za kupiga eksirei bila filamu, ambazo picha yake husomwa na mashine ya leza (kisomaji). Ni za sm 35×43 na 24×30, zile za fosfori (kemikali inayohifadhi nishati ya mionzi na kuitoa kama mwanga) ya bariamu fluorobromidi iliyotiwa europiamu. Kwa kifua na mifupa ninaridhika nazo sana, ila zinadai nidhamu ambayo muuzaji hakutajii.

Mionzi ikipiga fosfori, elektroni hunaswa kwenye kasoro za fuwele na kubaki humo. Leza nyekundu ya kisomaji huzitoa, na europiamu hutoa mwanga wa buluu-zambarau, karibu nm 390. Mwanga huo ndio picha yako. Tatizo ni kwamba elektroni nyingine hujitoa zenyewe kabla ya kusomwa: ndani ya saa 8 unaweza kupoteza takriban robo ya mwanga. Kwa hiyo picha ya wodini iliyopigwa usiku isomwe usiku huohuo, isingoje asubuhi.

Sahani pia hukusanya mionzi ya asili na ile iliyotawanyika chumbani. Iliyolala zaidi ya saa 24 ifute kwanza kwa mwanga mkali wa kisomaji kabla ya kuipigia mgonjwa. Iliyopigwa kwa dozi kubwa mno ifute mara mbili, la sivyo kivuli cha picha ya jana kitajitokeza kwenye mapafu ya leo.

Vidoa vyeupe ndivyo vinavyosumbua zaidi, kwa sababu vumbi huzuia mwanga usifike kwenye kipokezi. Andika namba nyuma ya kila sahani, kisha linganisha picha. Kidoa kikirudi palepale kwa sahani moja tu, kosa ni la sahani. Mstari mweupe ulionyooka kufuata mwendo wa sahani, tena kwenye picha za sahani zote, ni vumbi ndani ya kisomaji, kwenye kipitisha mwanga. Hapo mwite fundi, kusugua sahani hakutasaidia kitu.

Safisha kwa alkoholi isiyo na maji na kitambaa kisichoacha nyuzi, ukimimina kwenye kitambaa, kamwe si juu ya sahani. Iache ikauke kabisa ndipo uirudishe kwenye kaseti (kasha lake). Maji ni adui: fosfori hii hufyonza unyevu, ikageuka njano na kupunguza mwanga.

Kuhusu dozi nina lawama moja ya kweli. Picha iliyozidishiwa mionzi hutoka nzuri tu, haiwi nyeusi kama filamu, na mgonjwa ndiye anayeumia bila mtu kugundua. CR kwa kawaida huhitaji dozi karibu mara mbili ya filamu ya kasi 400 (kasi ni wepesi wa filamu kupokea mionzi). Zaidi ya hapo ni mazoea mabaya. Soma namba ya kipimo cha dozi kwenye kila picha.

Ukiuziwa zilizotumika, omba zipigwe tupu, bila mgonjwa: kV 80, umbali wa sm 180, kichujio cha shaba mm 0.5 na alumini mm 1. Picha iwe ya kijivu sawasawa. Tazama pembeni hasa, maana unyevu huanzia huko. Yenye kingo za njano usiichukue hata kwa bei ya kutupa.